Wakubwa wa jeshi, adui anakuja na kamera: barua ya wazi kwa wanaopanga operesheni zetu

Kwa Waziri wa Ulinzi, kwa Mkuu wa Majeshi, na kwa nyinyi makanali na mabrigedia ambao majina yenu hatuyajui lakini ndio mnakaa na ramani mezani mkiamua vijana wetu waende wapi na saa ngapi.

Salamu na heshima zenu. Mimi sijawahi kuvaa hiyo sare. Nina kibanda cha kutuma na kutoa pesa karibu na geti la kambi moja huku Bonde la Ufa, huu ni mwaka wa 12 niko hapo, na mtu akikaa pale miaka hiyo yote anajua vitu vingi bila kuuliza, anajua nani ameenda Somalia kwa sababu pesa zinaanza kuja tarehe tofauti, anajua nani amerudi kwa sababu anakuja mwenyewe kutoa na anakaa kwenye benchi bila kuongea. Naandika kwa sababu kuna kitu naona hamkipangi, ama mkikipanga kinakuja mwisho kabisa wakati kila kitu kingine kimeshaisha, na hicho kitu ni kichwa cha mtu. Vile mtu anaamini, vile anaogopa, vile anaamua.

Nianze na dada mmoja. Sitataja kambi yake wala shambulio wala mwaka, maana bado anaishi hapa na watoto wake wanasoma shule ya hapa hapa. Alikuja saa 12 asubuhi nikiwa bado nafungua kufuli, simu mkononi, akaniambia sikiza, akaweka sauti kubwa, na ile sauti ya kike ikasema mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Akaniuliza kwani inawezekana ni kwa vile hana kredo? Nikamwambia hapana dada, kupokea simu hakuhitaji kredo. Akatoa shilingi 100 hata hivyo, akasema weka kwa laini yake. Nikaweka. Ujumbe wa kuthibitisha ukaingia, akausoma mara mbili tatu kama ni bwanake amejibu.

Usiku ule kwenye magrupu ya WhatsApp ikaanza kuzunguka picha ya vijana wamelala kwenye mchanga. Kesho yake akarudi nayo. Akaivuta kwa vidole viwili mpaka ikabaki ni vile vimraba vya rangi, akanionyesha mkono wa mmoja, akaniuliza hii saa si ni yake? Ile ya mkanda mweusi, si huwa unaiona akija hapa kutoa pesa? Nikaangalia sana. Nikamwambia sijui, na kweli sikujua.

Wakubwa, ile picha haikufika kwa simu ya yule dada kwa bahati mbaya. Kuna mtu alipewa kazi ya kuipiga, akapewa nafasi kwenye msafara wa kushambulia ambayo angepewa mtu wa bunduki, na kuna mwingine alikuwa anaingoja ndio aitume. Hiyo ni sehemu ya mpango, na nikiangalia vile hawa Al-Shabaab, wale wapiganaji wa Somalia, wanafanya naona ndiyo sehemu kubwa ya mpango, kambi yenyewe ni jukwaa tu. Angalieni ule mwaka mmoja. Juni 2015 wakavamia kambi ya wanajeshi wa Burundi pale Leego, Somalia. Septemba 2015 wakavamia ya Waganda pale Janale. Januari 15, 2016 wakaja kwenye kambi yetu ya El Adde, mkoa wa Gedo huko huko Somalia. Kila mara gari la mabomu linaanza, wapiganaji wanafuata, kamera iko katikati yao, halafu wakishamaliza hawakai sana kushikilia ardhi. Wangetaka ile kambi kama kambi wangekaa. Walitaka vidio, na ya El Adde wakaitoa Aprili mwaka huo huo, imehaririwa vizuri na kupangwa, ndio Mkenya aone na aseme tunafanya nini huko, turudi nyumbani. Hata kikosi chao kilichoshambulia walikipa jina la Saleh Nabhan, ambaye alikuwa mtu wa Mombasa, aliyeuawa na Wamarekani Somalia mwaka 2009. Hilo jina halikuwekwa kwa ajili ya Msomali wa Gedo, liliwekwa kijana wa Pwani alisikie.

Huko nje wasomi wa kijeshi wanaita hii nyanja ya fikra. NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, wanahesabu nyanja tano rasmi za vita, nchi kavu, bahari, anga, mtandao na anga za juu, na kwa miaka kadhaa sasa kamandi yao moja imekuwa ikiandika na kujadili hii ya akili. Wachina tangu 2003 wana mafundisho ya vita vitatu, cha maoni ya watu, cha saikolojia na cha sheria. Wamarekani mwaka 2017 waliingiza habari kama kazi ya saba ya kivita, ikae bega kwa bega na mashambulizi, intelijensia na ugavi. Sisemi tuige. Nasema tu kwamba wenye manowari na satelaiti zote hizo wamegundua kombora likishatua bado kuna mtu anakaa chini anaamua, nijisalimishe ama nipigane, nimfiche huyu ama nimtaje, nimwamini msemaji wa jeshi ama nimwamini fowadi, ule ujumbe wa kusambazwa kwa simu. Na huyo mtu anaweza kuwa kamanda wa adui, mzee wa ukoo Kismayo, askari wetu mwenyewe kwenye handaki, ama dada kwenye kibanda changu.

Na sisi hatufai kuambiwa hii na wageni. Vita ya Mau Mau ilikuwa nini kama si hii? Kiapo kilikuwa silaha kuliko zile bunduki za kutengeneza kwa mabomba ya maji, na Mwingereza alijua hivyo, ndio maana alirusha ndege juu ya Aberdare na Mlima Kenya zikimwaga makaratasi na nyingine zimefungwa vipaza sauti zikiwaita watu watoke msituni, na kwenye Operesheni Anvil ya Aprili 1954 hapa Nairobi akamweka mtu ndani ya gunia lenye matundu ya macho, gakunia, akae akitingisha kichwa tu, huyu ndiye, huyu siye. Gunia moja lilifanya mtaa mzima uache kuaminiana, na kuna familia Kati huko ambazo hazijarudiana mpaka leo.

Sasa turudi kwetu. Tulipoingia Somalia Oktoba 2011 na operesheni ya Linda Nchi, upande wa bunduki tuliweza, na Septemba 2012 tukateremka ufuo wa Kismayo kutoka baharini, kitu ambacho kilifanya wengi wetu tujivunie na mimi nilikuwa mmoja wao, nilinunulia wateja soda siku hiyo. Lakini upande wa kichwa tulianza vibaya siku za kwanza kabisa. Msemaji wa jeshi alitwiti kwamba punda wengi waliobeba mizigo wakionekana pamoja watahesabiwa ni shughuli za Al-Shabaab. Fikirieni mchungaji wa Juba ya Chini ambaye punda ndiye lori lake, akisikia hiyo anajua jeshi la Kenya linamwona vipi. Baadaye ikatumwa picha ya mtu akipigwa mawe kama ushahidi wa ukatili mpya, kumbe ni picha ya miaka iliyopita. Al-Shabaab walikuwa wamefungua akaunti yao Desemba 2011, wanaandika Kiingereza cha kunyooka, wakawa wanajibu kila neno, wanakejeli, wanaweka vitambulisho vya askari mtandaoni. Ikafungwa Januari 2013. Zikaja nyingine.

Westgate, lile jengo la maduka Nairobi, Septemba 2013, lilivamiwa na watu 67 wakafa, na kwa siku nne nchi nzima ilikuwa imekaa mbele ya televisheni ikitaka tu mtu mmoja wa kuaminika. Tuliambiwa magaidi ni 10 mpaka 15, baadaye wakawa 4. Tuliambiwa ule moshi mkubwa ni magodoro wamechoma. Halafu kamera za ndani ya jengo zikaonyesha askari wakitoka na mifuko ya duka. Mimi sizungumzii aibu hapa, nazungumzia hasara ya kivita, kwa sababu kuanzia siku hiyo neno lenu lilishuka bei, na kila operesheni iliyofuata mmeenda nayo likiwa tayari limeshuka.

Mpeketoni, kule Lamu, ndiyo inaniuma zaidi. Juni 15, 2014, watu wako kwenye vibanda wakiangalia Kombe la Dunia, wakaingiliwa, wanaume wakatolewa nje wakauawa, kesho yake wakaendelea Poromoko, waliokufa kwa zile siku mbili walipita 60. Al-Shabaab wenyewe wakasema ni wao. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akasimama tarehe 17 akasema si Al-Shabaab, ni mitandao ya kisiasa ya hapa hapa. Sijui aliambiwa nini na washauri, lakini angalieni kilichotokea kichwani mwa watu wa Lamu. Adui alikuwa anataka majirani watazamane vibaya, Mkikuyu wa skimu ya makazi na Mbajuni na Msomali, na Muislamu na Mkristo, na hiyo kauli ikamalizia kazi yake bila yeye kutumia risasi. Kama pale kwenye meza ya mipango kungekuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuuliza tu, adui anataka watu waamini nini baada ya hili, na sisi tukisema hivi tunamsaidia ama tunamzuia? Mtu mmoja tu.

Halafu El Adde. Taarifa ya kwanza ilisema kambi iliyovamiwa ni ya jeshi la Somalia iliyo jirani na sisi tunajibu mashambulizi. Jioni picha zikasema mengine. Mpaka leo, wakubwa, hatujapewa idadi ya askari wetu waliokufa. CNN walihesabu 141. Rais wa Somalia wa wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, akasema ni kati ya 180 na karibu 200, na serikali yetu ikakataa lakini haikutoa ya kwake. Watu wakaonywa wasisambaze picha, blogu moja ikamletea mwenyewe pingu. Na mwaka uliofuata wakavamia kambi yetu nyingine Somalia, Kulbiyow, Januari 27, 2017, nyinyi mkasema wamekufa 9, Al-Shabaab wakasema zaidi ya 50, na pale kibandani nikasikia kwa masikio yangu mzee mmoja, mstaafu wa jeshi, mtu anayeipenda hii sare kuliko nyumba yake, akisema sasa mimi nimwamini nani? Huyo ni mtu wenu. Yule gaidi hakumpata kwa risasi, amempata kwa kusubiri tu nyinyi mnyamaze.

Najua mtasema ni siri ya operesheni, na nawaheshimu kwa hilo. Mtoto wangu mwenyewe akiwa kwenye msafara sitaki mtu atangaze barabara anayopita. Njia, muda, idadi ya magari, nguvu ya kambi, redio, hizo funikeni na mzifunike vizuri kuliko sasa. Lakini kifo kikishatokea na adui ndiye anashika miili na kamera, hiyo siri ni ya nani tena? Anayejua anajua. Asiyejua ni mamake tu. Hapo kunyamaza hakumfichi askari, kunamwachia adui kipaza sauti peke yake, na mtu aliyeachiwa kipaza sauti saa 24 za kwanza ndiye anaandika hadithi ambayo nyinyi mtakuwa mkiikanusha miaka 10.

Na msidhani nasema hatuwezi. Tumewahi kushinda hii vita, na ushindi mkubwa kuliko wote hata hamkuwepo. Novemba 2014 basi lilisimamishwa karibu na Mandera, abiria wakaambiwa wasome shahada, walioshindwa wakauawa, watu 28. Desemba 21, 2015 wakarudia, basi lingine, njia ileile ya Mandera, karibu na El Wak, wakaamuru Waislamu wajitenge. Wakakataa. Wanawake walikuwa wameshawapa wenzao hijabu wavae, watu wakawaambia wale wenye bunduki tuueni wote ama mtuache. Mwalimu Salah Farah akapigwa risasi hapo, akafa Januari 2016 hospitalini, siku chache tu baada ya El Adde. Sasa nyinyi ni wataalamu, niambieni, hiyo si operesheni iliyovunjwa? Lengo la adui lilikuwa kutenga, na watu wasio na hata kisu wakalikatalia. Lakini hao ni Wasomali wa Kenya wale wale ambao Aprili 2014 tulikuwa tumewakusanya kwa maelfu na kuwafungia uwanja wa Kasarani kwenye ule msako wa Usalama Watch. Walitulinda baada ya hiyo. Sijui kama tungeweza kuwadai hivyo mara ya pili.

Na hoteli ya DusitD2 hapa Nairobi, walipoivamia Januari 15, 2019. Tarehe ni ile ile ya El Adde, miaka mitatu kamili. Watu 21 wakafa, inaumiza, lakini mliongea mapema na kwa sauti moja kuliko Westgate, na wananchi wenyewe wakaanza kuambiana msitume picha za marehemu, gazeti moja kubwa la Marekani lilipoweka picha ya miili Wakenya wakaliwakia mpaka wenyewe wakashangaa. Hapo adui alikuja na kamera yake na hakupata soko. Mnaona basi kwamba inawezekana, na haikuhitaji kifaru.

Kwa hiyo ombi langu si bajeti ya matangazo. Tafadhali msielewe hivyo, maana naogopa mtu atasoma hii barua aende aajiri kampuni ya kutengeneza mabango na vijana 20 wa kutwiti sifa. Hiyo ndiyo itaharibu kabisa. Naomba hili swali la kichwa liingie siku ya kwanza ya mpango, kabla mafuta na risasi hazijahesabiwa. Kabla ya kuhamisha kambi, mzee wa kijiji pale anaamini tumekuja kumlinda ama kumpitia? Kuna afisa kwenye kile kikosi anaongea Kisomali cha kule kiasi cha kusikia mzaha ukibadilika sokoni? Kikosi kipya kikibadilishana na cha zamani, nani anakabidhi uhusiano na wale wazee, maana bunduki na magari najua mnakabidhi kwa karatasi na sahihi, lakini jina la mzee aliyekuwa anakunywa chai na meja linakabidhiwa wapi? Wale jamaa wana redio zinazotangaza Kiswahili, walianza jarida la Kiswahili 2012, lugha yetu, lahaja zetu, na wanajua kijana wa Majengo anakasirishwa na nini. Sisi tunajua kijana wa Jilib, kule Somalia, anakasirishwa na nini?

Na kichwa cha askari wetu mwenyewe msikisahau, nawaona hapa. Wanarudi wamekaa huko mwaka, anakuja kutoa pesa, mlango wa duka jirani ukijipiga kwa upepo anakuwa ameshainama. Wengine wananiuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli ile kitu inasemwa mtandaoni kuhusu kikosi chao. Wananiuliza mimi! Mtu anayelinda mpaka anapata habari za kikosi chake kwa mwenye kibanda cha pesa. Adui akitaka kuingia hapo hahitaji gari la mabomu, anahitaji fowadi moja nzuri, na sasa na hizi kompyuta zinazoweza kutengeneza sauti ya kamanda akisema kitu hajasema, atakuja nayo hiyo sauti siku moja, saa nane usiku, katikati ya shambulio. Mmewapa maneno gani ya kuitambua sauti yenu ya kweli?

Ujumbe wa Umoja wa Afrika huko Somalia umetoka AMISOM, ukaenda ATMIS, tangu Januari 2025 unaitwa AUSSOM, majina yanabadilika na vijana wa hapa wanaendelea kupanda malori. Mnaweza kuanza na kitu kimoja ambacho hakigharimu hata tangi la dizeli. Toeni idadi ya El Adde. Na majina, yaandikwe mahali ambapo mtoto anaweza kwenda kugusa la babake. Januari 15 ikifika kila mwaka wale jamaa wanaitumia, wanaikumbusha, wanairudia, na sisi tunapita hiyo siku kimya kama ni yao.

Halafu nitumieni afisa mmoja, kapteni tu anatosha, hata bila sare. Aje akae kwenye benchi langu siku moja ya mwisho wa mwezi, asiulize mtu chochote, asikize tu vile wake wa askari wanaongea wakingoja foleni, wanaamini nini, wamesikia wapi, wanaogopa nini wiki hii. Nafungua saa 12 asubuhi na chai ipo.